Ufa wa ardhi upo kilomita 4 kutoka bwawani, ripoti inasema "umekufa". Nani kaupima?

#1 KingoZaMto
Wakuu salaam. Nimekaa na ripoti ya tathmini ya bwawa linalopangwa kujengwa, kurasa 300 na kitu. Samaki wamepewa kurasa 40, vumbi la malori kurasa 12, alafu matetemeko ya ardhi ukurasa mmoja na nusu. Humo wanasema kuna ufa mkubwa (naongelea zile nyufa za miamba zenye urefu wa makilomita, sio ufa wa ukutani) unapita kilomita 4 kutoka ukuta utakaposimama, ila "haufanyi kazi" kwa sababu hakuna tetemeko lililowahi kurekodiwa hapo. Basi, faili limefungwa.

Sasa vipima mitetemo vya eneo lile vina miaka 50 au 60 tu, na ufa unaweza kukaa miaka elfu tatu umelala. Kutorekodiwa huko kunathibitisha nini? Mimi naona ni kama kupita mbele ya nyumba ya mtu mara moja, hukumuona mtu barazani, ukaenda kutangaza kwamba wenyewe wamehama. Nasema hiyo sio tathmini. Anayeona tofauti anipinge, nataka kujifunza.

#2 Fundi Level
Kilomita 4 ni mbali mkuu. Ufa ukisonga unakata vitu vilivyo juu yake, sio vilivyo kilomita 4. Ukuta hautaguswa. Tusitishane.

#3 Sikio la Ardhi
Fundi hapo umechanganya vitu viwili. Kuna ardhi kukatika, na kuna ardhi kutikisika. Kukatika ndio, kunatokea pale pale ufa ulipo, ingawa nyufa kubwa huwa na matawi na tawi linaweza kuwa mbali na shina. Kutikisika kunasafiri, na kilomita 4 kwa mtikisiko ni kama uko juu ya ngoma yenyewe.

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni urefu wa ufa. Kuna hesabu inayotumika sana, ya Wells na Coppersmith ya mwaka 1994, walikusanya matetemeko ya dunia nzima wakalinganisha urefu wa sehemu iliyopasuka na ukubwa wa tetemeko. Ukipasuka kilomita 10 unapata kama 6.2, kilomita 20 kama 6.6, kilomita 50 unafika 7. Na ukipanda namba moja nzima nishati inaongezeka mara 32 hivi. KingoZaMto, ripoti inasema ufa una urefu gani?

#4 KingoZaMto
Haisemi. Kuna ramani tu yenye mstari mwekundu unaoingia kona moja na kutokea kona nyingine. Nimepima kwa rula, ni zaidi ya kilomita 30 ndani ya ramani peke yake.

#5 Nahodha77
Nyie mnahangaika na ufa wakati tatizo ni maji yenyewe! Bwawa ndilo linaloleta tetemeko. Koyna kule India, walijaza ziwa, likaja tetemeko la 7 likaua watu 2,000 na ukuta ukabomoka. Hii inajulikana.

#6 dada_zege
Nahodha, Koyna ni mfano sahihi ila namba zako zimevimba. Desemba 1967, ukubwa 6.3, waliokufa ni karibu 180. Na ukuta HAUKUBOMOKA. Ni ukuta wa zege wa mita 103, ulipata nyufa za mlalo upande wa juu, pale ambapo mgongo wa ukuta unabadilisha mteremko. Pale ndipo nguvu zinapojikusanya ukuta ukiyumba. Baadaye wakaujengea mihimili ya nyuma kuuegemeza, na upo mpaka leo.

Kinachoniuma kwenye Koyna ni kitu kingine. Waliousanifu walichukulia nguvu ya tetemeko kuwa asilimia 5 tu ya uzito wa ukuta, maana eneo lile lilihesabiwa kuwa tulivu, mwamba mkongwe, hakuna historia ya matetemeko. Maneno yale yale ya ripoti ya mtoa mada.

#7 Nahodha77
Sawa dada, nimepokea marekebisho ya namba. Hoja yangu inabaki, maji ndiyo yaliyoamsha.

#8 Sikio la Ardhi
Tufanye hesabu kabla hatujayatwisha maji lawama zote. Maji ya kina cha mita 100 yanakandamiza chini kwa kilo 10 hivi kila sentimita mraba. Ukishuka kilomita 5 ndani ya ardhi, uzito wa miamba iliyo juu ni kama kilo 1,300 kwa sentimita mraba hiyo hiyo. Maana yake ziwa linaongeza chini ya asilimia moja. Hapo ndipo mimi huwa nasita kusema bwawa "limeleta" tetemeko.

#9 Mchimba Kisima
Sikio, uzito sio njia pekee. Mimi nimechimba visima miaka mingi na nimeona kitu ambacho kwenye karatasi hakionekani. Unachimba kwenye mwamba mkavu, mita 60 hakuna hata unyevu, alafu unagusa ufa, maji yanapanda kwenye bomba mpaka karibu na mdomo wa kisima. Yale maji ndani ya ufa yana msukumo, yanasukuma kuta mbili za mwamba ziachane.

Sasa chukua ziwa refu ulikalishe juu ya nyufa kama hizo. Msukumo unapenya polepole kwenda chini, miezi, miaka. Kuta za ufa zilikuwa zimeng'ang'aniana kwa msuguano, maji yanapunguza ule mng'ang'anio. Hauhitaji kilo 1,000 kuusukuma ufa ambao tayari umekaribia kuteleza, unahitaji kidogo tu. Ndio maana Kariba, mto Zambezi, walianza kujaza Desemba 1958, matetemeko makubwa, yale ya karibu 6, yakaja Septemba 1963 ziwa lilipojaa. Na mengi yalitokea chini ya sehemu yenye kina kikubwa.

#10 Sikio la Ardhi
Nakubali kwamba kuna njia mbili, uzito na upenyaji. Lakini angalia, Kremasta ya Ugiriki ilianza kujazwa 1965, Februari 1966 tayari tetemeko la zaidi ya 6. Miezi michache tu. Aswan ya Misri kinyume chake, maji yalianza kupanda 1964, tetemeko la maana likaja Novemba 1981, tena kilomita kama 60 kutoka kwenye ukuta. Kama ni upenyaji mbona Kremasta haraka hivyo, kama ni uzito mbona Aswan walisubiri miaka 17?

#11 Mchimba Kisima
Kwa sababu miamba sio mmoja mkuu. Kuna mwamba unaopitisha maji kama chujio na kuna mwamba kama chungu kilichochomwa vizuri.

#12 Mjukuu wa Pwani
Uzi mtamu huu. Mimi nauliza kama mtu nisiyejua, ina maana kila bwawa likijazwa kunatokea tetemeko?

#13 dada_zege
Hapana. Mabwawa makubwa duniani ni maelfu mengi, yaliyohusishwa na matetemeko ya maana ni machache sana. Ndio maana wengi wa fani wanasema maji ni kichocheo, ufa lazima uwe umeshajaa mkazo wake wenyewe. ICOLD, ile tume ya kimataifa ya mabwawa makubwa, inataka jambo hili liangaliwe hasa bwawa likivuka urefu wa mita 100.

Alafu kuna mfano unaotia moyo. Hsinfengkiang, China, ukuta wa mita 105. Walianza kujaza 1959, vitetemeko vidogo vikaanza, hawakupuuza, wakauimarisha ukuta. Machi 1962 likaja la 6.1. Ukuta ukapata ufa wa mita 82 karibu na juu, lakini ulisimama. Wangekaa tu wakisema ni vitetemeko vidogo sijui ingekuwaje.

#14 Mpiga Jembe
Na Zipingpu ya China je? Nasikia lile bwawa ndilo lililosababisha tetemeko la Wenchuan 2008.

#15 dada_zege
Hapo moto unawaka mpaka leo. Ukuta wa mawe wenye uso wa zege, mita 156, maji yalianza kujazwa 2005, na tarehe 12 Mei 2008 likapiga tetemeko la 7.9, kitovu kama kilomita 17 kutoka bwawani. Wapo watafiti waliosema maji yaliharakisha, wapo waliosema tetemeko lilianzia chini mno ardhini na tofauti ya mkazo ndogo mno. Mimi niko katikati, ila nina neno moja. Ufa ule ulipasuka zaidi ya kilomita 200, mkazo wa namna hiyo unakusanywa kwa maelfu ya miaka. Maji hayawezi kutengeneza mkazo ule. Yanaweza pengine kusogeza tarehe.

#16 Nahodha77
Dada kusogeza tarehe sio jambo dogo! Kama lilikuwa lije baada ya miaka 300 na limekuja leo, waliokufa ni watu wa leo.

#17 Mpiga Jembe
Nahodha leo umesema kweli tupu, nimekugongea laiki.

#18 Bi Mkwasi
Habari za humu. Nimesoma kimya toka juu, ngoja nirudi kwenye swali la mtoa mada maana mmelitelekeza. Nani kaupima ufa?

Mimi nimewahi kufanya kazi ya mfereji. Sio mfereji wa maji, ni wa kusoma ufa. Kwanza mnautafuta kwenye picha za angani na siku hizi kwa ile leza inayopigwa kutoka kwenye ndege, kompyuta inafuta miti yote unabaki na ardhi tupu. Hapo unaona vitu ambavyo ukitembea kwa miguu huvioni, ngazi ndogo ya udongo inakwenda mstari mmoja kilomita nyingi, kijito kinachofika hapo kinapinda ghafla kisha kinaendelea. Mnachagua sehemu ambayo mto au kinamasi kimekuwa kikilaza udongo mpya juu ya ufa, kwa sababu kwenye mwamba mtupu hamna kalenda. Mnaleta ekskaveta, mnachimba kukatisha ufa, mita 3 au 4 kwenda chini, mnaweka nguzo kuta zisiwaangukie.

Baada ya hapo mashine inaondoka na kazi ni ya mikono. Tulikuwa tunakwangua ukuta kwa mwiko mpaka unakuwa laini kama meza, tunapigilia misumari na kufunga nyuzi za mraba mita kwa mita, alafu unakaa mbele ya ule ukuta siku nyingi ukichora kila tabaka. Mchanga wa mafuriko, tope jeusi, kokoto, tope tena. Na ghafla unaona matabaka yote yamekatika, upande mmoja umeshuka. Tabaka la juu yake limepita moja kwa moja bila kukatika. Basi umeshajua, tetemeko lilikuja baada ya lile tabaka la chini kulala na kabla ya hili la juu. Pembeni ya mkato unakuta kabari ya kifusi, ule udongo ulioporomoka kutoka kwenye ngazi siku ardhi ilipokatika. Kabari mbili, matukio mawili.

Alafu unatafuta mkaa. Kipande kidogo kama punje ya mchele kinapelekwa maabara, kaboni inakupa umri, mpaka kama miaka 50,000 nyuma. Kama hamna mkaa wanapima mchanga, ulionekana na jua mara ya mwisho lini. Mimi nilikuwa kijana wa kuchora tu, lakini siku ile nilipoona tabaka limekatika kwa mita moja na nusu kwenye bonde ambalo wazee wote walikuwa wanasema hapajawahi kutikisika, sikulala vizuri. Ufa ule nao kwenye makaratasi ulikuwa "umekufa".

Kwa hiyo KingoZaMto uliza jambo moja tu, mfereji ulichimbwa wapi. Kama haukuchimbwa, neno "umekufa" halina mwenyewe.

#19 KingoZaMto
Bi Mkwasi asante sana, shikamoo. Nimetafuta ripoti nzima, neno mfereji lipo mara 6 na zote ni mifereji ya maji ya mvua.

Swali, ufa unahesabiwa mfu baada ya miaka mingapi?

#20 Sikio la Ardhi
Inategemea unauliza nani. Wengi wanashika miaka kama 11,000, yani tangu enzi ya mwisho ya barafu ilipoisha. California, wasimamizi wa mabwawa wanarudi nyuma mpaka miaka 35,000. Ufa mmoja, vitabu viwili, huku mzima huku marehemu.

Mimi naona hesabu ya mwendo ni bora kuliko tarehe ya kifo. Ufa unaosonga milimita 1 kwa mwaka, na kila tetemeko unaruka mita 2, utapiga kila miaka 2,000 hivi. Unaosonga sehemu ya kumi ya milimita, kila miaka 20,000. Huo wa pili ukitumia kipimo cha 11,000 unaweza kukuta umeuzika mzima mzima.

#21 Fundi Level
Miaka 20,000 wakuu? Bwawa linaishi miaka 100. Mbona tunajenga kwa hofu ya kitu ambacho hata vitukuu vya vitukuu hawatakiona?

#22 Sikio la Ardhi
Ndio lugha yao hiyo, tetemeko la miaka 10,000. Haina maana linakuja mwaka wa 10,000. Maana yake kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 10,000, na kwa miaka 100 ya bwawa ni kama asilimia 1. Kwa nyumba ya kawaida wanasanifu kwa asilimia 10 ndani ya miaka 50, yani miaka 475. Bwawa lenye watu chini yake linatakiwa lishike maji hata kwa lile la 10,000. Linaruhusiwa kuharibika, haliruhusiwi kuachia maji. Alafu kuna tetemeko dogo zaidi, la miaka 145, ambalo bwawa likipigwa linatakiwa liendelee na kazi.

Asilimia 1, Fundi. Ungepanda ndege yenye asilimia 1?

#23 Fundi Level
Nisingepanda. Lakini mimi nazungumza kama mtu wa zege. Tajeni bwawa la zege lililoangushwa na mtikisiko likaua watu. Pacoima kule California 1971, kipimo kilichokuwa kwenye ukingo wa mwamba juu ya bwawa kilirekodi mara 1.25 ya nguvu ya uvutano, mwamba wenyewe ulipasuka pasuka, ukuta wa tao (uliopinda kama upinde) ukabaki.

#24 Mzee wa Piezomita
Vijana, Fundi hajakosea kwa zege, lakini mabwawa mengi duniani ni ya udongo. Na tetemeko hilo hilo alilolitaja, Februari 9, 1971, ukubwa 6.6, ndilo lililoliangusha bwawa la Lower San Fernando. Ukuta wa udongo uliojengwa zamani kwa kumwaga tope la maji na kuliacha litulie. Ulipotikiswa, mchanga uliojaa maji ndani ya ukuta uligeuka uji. Upande wa ziwani ukateleza ukaondoka na kilele cha ukuta. Kilichobaki juu ya maji ni mita moja na nusu ya udongo uliopasuka. Watu 80,000 walihamishwa siku 4 wakati maji yanashushwa. Na bahati yao ziwa siku hiyo halikuwa limejaa.

Sheffield, Santa Barbara, 1925, mambo ni hayo hayo, ule ulienda wote. Na Fujinuma ya Japani, Machi 11, 2011, ukuta wa mita 18 na nusu tu, ulimalizika 1949, ulivunjika ukachukua watu 8. Mita 18! Hapo ndipo ninapotofautiana na dada_zege na ile mita 100 yake, ingawa najua yeye alizungumzia matetemeko yanayochochewa na maji ya bwawa.

Mimi nilisoma piezomita kwenye bwawa moja la udongo miaka 14. Hivi ni vibomba vinavyokuonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya tumbo la ukuta. Siku moja kulipita mtikisiko mdogo, vikombe kabatini vililia tu, hamna hata tofali lililoanguka. Kesho yake vibomba 3 vya katikati vilikuwa vimepanda, mita moja kasoro. Vilishuka taratibu kwa wiki mbili. Nilipeleka taarifa ofisini, nikaambiwa vifaa vimezeeka. Inawezekana vilizeeka. Lakini vilizeeka vyote vitatu usiku mmoja?

#25 Mjukuu wa Pwani
Dah mzee hiyo sentensi ya mwisho. Shikamoo.

#26 Mchimba Kisima
Mzee, unaona? Maji ndani ya vitundu. Ni jambo lile lile nililosema #9 ila sasa ndani ya ukuta wenyewe.

#27 Mpiga Jembe
Na Vajont? Ule ukuta si ulibomolewa na tetemeko?

#28 dada_zege
Hapana, na huu upotoshaji nauona kila mahali. Vajont, Italia, Oktoba 9, 1963. Mlima uliporomoka ziwani, kama mita za ujazo milioni 270, wimbi likaruka juu ya ukuta likaua karibu watu 2,000 kule chini. Ukuta wenyewe, mita 262, umesimama mpaka leo hauna kazi. Mteremko ulikuwa unatambaa tangu maji yalipoanza kupandishwa na walikuwa wanaupima.

Ila umenikumbusha jambo ambalo ripoti nyingi zinasahau. Bwawa linaweza kuwa imara na mlima wa pembeni usiwe. Hebgen, Montana, Agosti 17, 1959, tetemeko la zaidi ya 7, ufa ulipita karibu na ziwa, sakafu ya ziwa ikainama, maji yakaanza kwenda na kurudi kama beseni lililobebwa na mtoto, yakapita juu ya ukuta wa udongo mara 4. Ukuta ulipona. Chini zaidi kwenye korongo mlima mzima ukaanguka ukaziba mto, na ziwa jipya likazaliwa hapo.

#29 Sikio la Ardhi
Tukirudi kwa ufa kupita chini ya ukuta wenyewe, Shih-Kang, Taiwan, Septemba 1999. Ufa wa Chelungpu ulijulikana, ila tawi lililopita chini ya bwawa halikutarajiwa. Upande mmoja ulipanda kuzidi mwingine karibu mita 8, milango 3 ya kumwagia maji ikasagika.

Alafu Clyde, New Zealand, waligundua ufa kwenye kitako cha mto pale pale wanapojenga. Wakaweka kiungo kinachoteleza ndani ya zege, ukuta uweze kusogea mita 2 kwa ulalo na mita 1 kwa wima bila kuachia maji.

#30 Fundi Level
Hicho kiungo cha Clyde naomba mtu asinibishie, hiyo ni kazi ya mafundi. Ndio ninachosema, ufa ukijulikana unasanifiwa.

#31 Bi Mkwasi
Ukijulikana, mwanangu. Neno lako hilo hilo.

#32 Mpiga Jembe
Fundi kashikwa 😂

#33 Mchimba Kisima
Na kuna ufa unaosonga bila tetemeko lolote. Baldwin Hills, Los Angeles, Desemba 14, 1963, bwawa la maji ya kunywa juu ya kilima. Ufa chini yake ulisogea polepole, ukapasua sakafu, maji yakapata njia, watu 5 wakafa. Wengine wanasema ardhi ilikuwa inazama kwa sababu ya uchimbaji wa mafuta jirani, wengine wanasema ni maji waliyokuwa wanayasukuma ardhini kutafuta mafuta, wengine ni ujenzi tu juu ya sehemu mbaya. Mimi naegemea hilo la kusukuma maji, mnajua mtu wa visima.

#34 Mzee wa Piezomita
Wewe kila ugonjwa dawa yako maji. Mimi nasema sakafu na mifumo ya kukusanya maji chini yake ilikuwa dhaifu, ufa ulimalizia tu. Malpasset ya Ufaransa, Desemba 2, 1959, hakuna tetemeko wala mafuta, ufa mmoja kwenye msingi na mwamba wenye tabaka tabaka, maji yakasukuma bega la kushoto, zaidi ya watu 400.

#35 Mchimba Kisima
Si umesema mwenyewe, MAJI yakasukuma.

#36 dada_zege
😂 Nyie wawili mtatufikisha kumi na moja alfajiri.

Niongeze kitu kimoja cha vitendo. Nilishiriki ukaguzi wa bwawa moja, ukuta ulikuwa safi kabisa, hesabu za tetemeko zimejaa makabati. Nikauliza tetemeko likipiga usiku umeme ukakatika, milango ya kushushia maji mnafunguaje? Jenereta lilikuwa limewekwa juu ya sakafu bila boliti hata moja, betri kwenye rafu ya mbao, na barabara pekee ya kufika pale inapita chini ya mteremko ambao wakati wa mvua tu unaangusha mawe. Baada ya tetemeko unachokihitaji kuliko vyote ni kushusha maji, San Fernando waliokolewa na siku 4 za kushusha maji. Boliti za jenereta ni rahisi kuliko chakula cha mchana cha kile kikao.

#37 Nahodha77
Swali langu la mwisho, kasi ya kujaza ina maana? Wakijaza taratibu ni salama zaidi?

#38 Mchimba Kisima
Nurek, Tajikistan, ukuta wa mita 300, waliona vitetemeko vinafuata mabadiliko ya ghafla ya kina cha maji. Kwa hiyo ndio, taratibu, na vipima vikiwa vimewekwa MIAKA kabla ya maji, ujue ardhi ilikuwa inapigaje kabla hujaigusa.

#39 Sikio la Ardhi
Ila bwawa la Oroville, California, lilishajaa tangu 1968, tetemeko la 5.7 likaja Agosti 1975, baada ya kushusha ziwa sana kwa matengenezo na kulijaza tena. Kwa hiyo hata ukijaza taratibu mara ya kwanza, bado kuna kila mwaka wa kupanda na kushuka. Na wengine watakuambia Oroville ilikuwa ije tu. Tetemeko hilo ndilo lililosimamisha bwawa la Auburn, huko huko California, ukuta wa tao uliokuwa umeshaanza kuchimbiwa msingi. Wataalamu wakabishana ardhi chini ya msingi inaweza kuruka kiasi gani, huyu anasema sentimita chache, yule karibu mita nzima. Bwawa halikujengwa.

#40 KingoZaMto
Wakuu mrejesho. Niliandika barua kwa waandaaji wa ripoti, maswali ya humu humu, urefu wa ufa, mfereji ulichimbwa wapi, vipima mitetemo vitawekwa lini, mteremko wa ukingo wa ziwa, na boliti za dada_zege. Wamejibu, nawashukuru kwa kujibu. Ufa sasa wanasema ni kilomita 38. Kuhusu mfereji wanasema "utafikiriwa katika hatua za baadaye za usanifu". Nimeweka ramani yao mpya hapo chini, ziwa ni ile bluu.

#41 Sikio la Ardhi
Kilomita 38 kwa ile hesabu ni kama 6.9, ukipasuka wote.

#42 Bi Mkwasi
Nimeitazama ramani. Kilomita 4 kutoka ukutani ni kwenda juu ya mto, mwanangu. Huo mstari wao mwekundu unapita katikati ya bluu, na lile bonde la tope ambalo ndilo ningechimba liko ndani ya bluu pia. Wajibu leo hii, waulize hizo hatua za baadaye ni kabla au baada ya maji kupita hapo, maana mfereji hauchimbwi chini ya ziwa.